Ini la Nguruwe Mwitu

Katika ngome ya Odilo, mtawala wa Velmark, walikuwepo Guntram wa Ostrel, mdogo wake Odilo; askari kumi na wawili wa Guntram; Padre Anselmo; na Hedwiga, mpishi. Adela, binti pekee wa Odilo, alikuwa bado njiani. Kwa desturi ya Velmark, kifo cha mtawala kilipotangazwa lango lilifungwa, na mtu wa ukoo aliyekuwa ndani ndiye aliyerithi.

Hedwiga alitoka katika chumba alichougulia Odilo akiwa na bakuli tupu.

"Kaka bado yu hai?" aliuliza Guntram.

"Bwana, maiti hunywa mchuzi? Sasa anataka ini la nguruwe mwitu aliyeuawa kwa mkono wa mrithi wake."

"Amesema mrithi?"

"Muulize Padre."

Padre Anselmo, aliyetoka nyuma yake, alipangusa ndevu, akaitikia kwa kichwa.

Guntram aliondoka na askari wake wote. Jioni alirudi na nguruwe, akakuta lango limefungwa, na juu ya ukuta wamesimama Adela na Hedwiga.

"Fungua, mama. Ini linapoa."

"Kaleni wenyewe, bwana. Odilo alifariki juzi asubuhi."