Kiti Kilichokwenda Kumpa Mkono wa Tanzia Mjane

Hapo zamani, katika mji wa Pambaju, palikuwa na Sultani aliyependa kuwinda kuliko kuketi barazani. Kwa sababu hiyo Waziri wake, Mwinyi Shali, akaamuru kwamba kiti cha enzi kiheshimiwe kama Sultani mwenyewe: kila akionaye ainame, na kila neno lisemwalo mbele yake lihesabiwe kuwa Sultani amelisikia. Basi watu wakazoea kukiamkia kiti kitupu, na wengine waliona kina huruma kuliko mwenyewe.

Askari wa mji ule walikuwa wakitoa pishi mbili za mtama kila mavuno, zikatiwa ghalani, ili mmoja wao akifa, mjane wake apewe chakula cha miaka saba, na nyumba waliyokaa iwe yake. Ilikuwa sheria njema. Lakini Waziri aliongeza maneno chini yake: mjane afike kwa nafsi yake mbele ya kiti cha enzi kabla ya siku mia kwisha, tena akivunja eda, amemvunjia marehemu heshima, haki yake imepotea. Na eda, kama Mwenyezi Mungu alivyotuamuru, ni miezi minne na siku kumi.

Ikawa kwa miaka kumi na miwili hakuna mjane aliyepata hata kibaba. Dumuzi wa ghala wakanenepa, na punda wa Waziri wakanenepa pia.

Basi akafa askari mmoja, Faki Mgwame, kwa jeraha la mshale, Mungu amrehemu. Akamwacha mkewe, Mwanahidaya, na pacha wanaonyonya. Siku ya mia ikifika, nyumba ile angepewa askari mwingine.

Jirani yake alikuwa Kombo Matona, msuka viti, maskini wa kanzu moja. Akiifua, hukaa ndani mpaka ikauke. Siku ya tisini na sita Kombo akaenda barazani, na kwa bahati Sultani alikuwapo.

"Seyyid yangu, nimekuja kwa ajili ya mjane wa Faki."

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Waziri.

"Yumo edani, Bwana."

"Basi na afike hapa."

"Na akitoka?"

"Amevunja eda, hapati kitu."

Kombo akafikiri polepole. "Kwa hiyo afike, ila asitoke."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mbona wajane wote kabla yake hawakulalamika? Hakuna hata mmoja aliyekuja hapa!"

Sultani akacheka mpaka akadidimia kitini. "Wewe Kombo husemwa u mwerevu. Haya, mfikishe asitoke."

"Nimesikia, Seyyid. Lakini naona kamba za kiti zimelegea. Nipe nikakisuke, kisije kikakuangusha mbele ya wageni."

"Kichukue, nawe ukirudishe keshokutwa. Askari wawili wakifuate."

Kombo akajitwika kiti, akapita nacho sokoni. Wauza samaki wakainama. Waziri naye, akirudi kwake, akainama kwa mazoea hata kilemba kikaanguka kwenye magamba. Kombo hakwenda kwake. Akaenda kwa Mwanahidaya, akakiweka ukumbini, akaketi chini kusuka, na wale askari wakasimama mlangoni.

"Dada Mwanahidaya," akaita, "jistiri uje. Umejiwa na mgeni."

Mjane akatoka chumbani kwa nguo zake za eda, pacha mikononi. Akakitazama kiti kwa muda mrefu.

"Mimi ni mke wa Faki Mgwame," akasema. "Mume wangu amekufa. Naomba nyumba yake." Kisha akalia, na wale askari wawili nao wakalia, kwa kuwa walikuwa na wake.

Siku ya tisini na nane kiti kikarudishwa, na askari wakashuhudia waliyoyasikia. Waziri akapaza sauti: "Huu ni ulaghai! Kiti si Sultani!"

"Ala!" akasema Kombo. "Bwana, juzi sokoni ulimwinamia nani? Na siku uliyoapishwa uwaziri, Seyyid alikuwa porini akiwinda nguruwe. Uliapa mbele ya nani? Kama kiti si Sultani, basi wewe si Waziri."

Sultani akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkauka kinywani.

"Kabla ya huyu," akauliza, "wamepita wajane wangapi?"

Mmoja wa wale askari akasema, "Thelathini na wanne, Seyyid. Wa mwisho ni dada yangu."

Basi Sultani akaamuru ghala lifunguliwe, na kiti kipelekwe kwa kila mjane mlangoni pake, nyumba kwa nyumba, juu ya kichwa cha Mwinyi Shali. Kombo akapewa kanzu ya pili. Mwanahidaya akamaliza eda yake kwa utulivu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na Waziri, kila alipokutana na watu njiani, waliinama. Ila hakujua tena wanamwinamia nani, yeye au mzigo.