Bi Pimbi na Sinia la Kiapo

Hapo zamani za kale, wajukuu, wanyama walikuwa na nchi yao, na nchi ile ilizaliwa kwenye sinia. Eeh, sinia la wali!

Kabla ya hapo alitawala Chatu. Anakula peke yake, wengine wanameza mate. Siku moja wakachoka. Wakubwa wakamkanyaga mkia, wadogo wakamng'ata pua, fyuuu, akatokomea asionekane tena. Siku ileile wakapika, wakazunguka sinia moja, wakaapa: "Tule wote! Hakuna wa kuinuliwa!" Ikawa desturi, kila mwaka siku hiyo, sinia moja na kiapo kilekile.

Miaka ikapita, likaja jua kali. Sikukuu ilipofika, Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu, siku ya pili hiyo wanashindia uji mwepesi. Kazi yake ilikuwa kunawisha watu. Akabeba birika na beseni, watoto nyuma yake.

Mara Tembo akanguruma, "Mwaka huu wali mchache! Wadogo mtupishe. Kiapo kile kilikuwa cha sisi wakubwa."

"Hasaa!" akaitikia Kiboko. "Kina Pimbi watapata ukoko."

Kifaru akacheka, kho kho kho!

Bi Pimbi akalitua beseni, ti! Bibi yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliomng'ata Chatu. Akawatazama wanawe. Akatabasamu.

"Kweli, baba zangu. Sinia ni la mkubwa, na asiyenawa hali. Haya, nimnawishe mkubwa. Ni nani?"

"Mimi!"

"Mimi!"

"Aka, mimi!"

"Mkubwa ni mmoja, baba zangu. Wengine wote ni wadogo wake."

Lo! Hapo ndipo palipochimbika.

"We Kiboko, kikubwa ni mdomo tu!"

"Na wewe Tembo ni masikio, yakitoka unabaki mbuzi!"

"Pembe yangu je?" akadakia Kifaru.

"Pembe inakula wali?"

Wakapimana mgongo kwa mgongo. Tembo akashinda. Bi Pimbi akamnawisha, chwa chwa chwa, kisha maji yote yaliyobaki akayamwaga chini, pwaa!

"Haya, baba Kiboko, baba Kifaru, inukeni. Njooni huku kwetu tungoje ukoko."

"Niinuke? Mimi?" Kiboko akatoa macho. "Kiapo kinasema hakuna wa kuinuliwa!"

"Kiapo gani tena, baba?"

"Kilekile! Kwani Chatu tulimfukuza ili Tembo akae mahali pake? Tule wote!"

"Wote, na Pimbi?"

Kiboko akautazama wali unavyofuka moshi. Akameza mate, gluk. "Na Pimbi. Na kila mwenye mdomo!"

"Sema kwa nguvu, baba. Mwenzako ana masikio makubwa lakini hasikii."

Wakapaza sauti wote, wakubwa kwa wadogo, Kifaru anapiga mguu chini, ndi! ndi! "Hakuna wa kuinuliwa!"

Tembo, tonge mkongani, akaona macho yote yako kwake. Tonge likashuka polepole.

"Aa, jamani, nilikuwa natania. Sogeeni."

"Sogea wewe kwanza, baba," akasema Bi Pimbi. "Umekalia nafasi ya watu sita."

Tembo akasogea. Bi Pimbi akachota maji mengine, akanawisha kila mkono bila kuuliza ni wa nani, na wanawe wakala mpaka vitumbo vikawa ngoma.

Hadithi imeshiba, wajukuu, nanyi shikeni hili: anayemtoa mdogo kwenye kiapo amejitoa na yeye.