Mti Ulioitwa Nakijwa

Hapo kale, katika milima ya Upare, mti haukuota na jina. Ulipewa jina siku ulipoweza kubeba mzinga wa nyuki bila tawi kupinda. Mti uliofikisha vuli saba bila kubeba mzinga uling'olewa, ukawa kuni.

Wakati huo miti ya mitarakwa yote ilikuwa mirefu, isipokuwa mmoja. Nakijwa, mke wa Mrutu, aliukuta msituni ukiwa mche wa kimo cha kidole, akaupanda karibu na mlango wake. Majani yake yalikuwa ya buluu iliyochanganyika na kijivu, yamebanana kiasi kwamba matone ya mvua yalikaa juu yake kama ushanga. Haukutawanyika wala kudondosha tawi. Ila haukuonekana kurefuka.

Mzee Senkondo, mtoaji majina, alipita kila vuli akicheka.

"Mama, huu ni mti au ni kuku amelala?"

"Unakua, baba."

"Kuku hakui akilala."

"Njoo basi uupime."

Mzee hakupima. Macho yalimtosha.

Nakijwa alipima. Kila mwaka, mvua za vuli zilipokatika, alisimamisha kamba ya mgomba kando ya shina, kutoka ardhini hadi kileleni, akafunga fundo. Mrutu alimwona, hakuuliza. Alidhani ni mchezo wa mtu asiye na haraka.

Mwaka wa saba Nakijwa aliugua, akafariki kabla ya mvua.

Vuli ilipokwisha, Senkondo alikuja na jembe na watu wawili. Mrutu alisimama mbele ya mti. Hakuwa na utetezi ila ile kamba, aliyoikuta imening'inia juu ya kitanda. Aliisimamisha kando ya shina. Mafundo yalikuwa sita. Kutoka fundo hadi fundo palikuwa na upana wa kidole kimoja, hata kwa mwaka mmoja wa ukame, ambapo mitarakwa mirefu ilikauka vilele. Na mti ulikuwa umelipita fundo la sita kwa kidole kimoja. Mrutu akafunga la saba.

Senkondo aliishika kamba, akapitisha kidole fundo kwa fundo. Kisha akalaza jembe chini.

"Haukuruka hata mwaka mmoja bila kukua," alisema. "Ile mirefu niliyoipa majina iliruka. Huu unaitwaje?"

"Aliyeujua hayupo, baba."

"Basi uitwe yeye."

Na tangu siku hiyo mitarakwa mifupi ya bustani haiulizwi inabeba nini. Kila mmoja huitwa kwa jina la mtu, na kimo chake hakitajwi peke yake: husemwa ni kimo gani, kwa miaka mingapi. Ule wa Nakijwa ungali mlangoni, unamfika mtu mzima kifuani. Vuli hii umeongeza kidole kimoja.