Kufuli la Miaka Tisa

Wapendwa, wekeni Biblia magotini kidogo, niwatungie mfano. Msije mkaniuliza huyu mtu anakaa mtaa gani. Hayupo. Nimemtunga jana nikinywa chai.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, mgane, aliyeishi peke yake katika mji wa baridi. Kompyuta yake haikuwa kama hizi za ofisini. Sisi tukitaka programu tunaletewa imeshaiva, tunabonyeza, basi. Yeye aliletewa maandishi mabichi, kama walivyoyaandika watunzi wake, na mashine ikaijenga programu hapohapo nyumbani, kipande kwa kipande, saa nyingi. Ukimuuliza kwa nini anajitesa, anakujibu, "Mimi silishwi na mtu." Mnawajua watu wa aina hiyo? Usigeuke kumtazama mwenzako.

Alikuwa mpweke, ndugu zangu, tuseme wazi. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, akala huku akisikiliza feni ya kompyuta, maana ndiyo sauti pekee iliyobaki katika nyumba ile.

Alikuwa na kaka, lakini walikuwa hawajasemezana kwa miaka tisa. Siku ya mazishi ya baba yao, kaka ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Akataja watoto, wajukuu, wazee wa kanisa, mpaka daktari. Hakutaja kwamba huyu mdogo ndiye aliyemuuguza mzee miaka miwili, akimwogesha kwa mikono yake. Mdogo akaondoka makaburini bila kuaga. Mimi simlaumu. Iliuma.

Sasa Alhamisi moja ukaingia ujumbe kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe: "Mdogo wangu, Jumamosi saa kumi jioni wananiingiza chumba cha upasuaji. Ni moyo. Nataka nikuone uso kabla hawajanichukua. Nipigie saa tisa."

Kuonana uso, kitochi hakiwezi. Kompyuta inaweza, ila programu yake ya simu za video ilikuwa imezeeka hata haipokelewi tena. Akaiagiza mashine ijenge mpya. Mashine ikagoma, ikajaza maneno skrini nzima: programu mpya inataka kifurushi cha sauti toleo la nne, humu ndani kuna toleo la pili, toleo la nne haliruhusiwi kuingia.

Fundi akawaka. Akadhani programu nyingine za humo ndizo zinazong'ang'ania toleo la zamani. Akafuta ya muziki. Bado. Akafuta ya picha, nayo ikaangusha mbili zilizokuwa zinaitegemea. Bado. Ijumaa nzima ilikwenda hivyo, akiwatukana watunzi wa programu wa nchi asizozijua. Mwishowe akawaandikia mafundi wenzake mtandaoni, watu ambao hajawahi kuwaona sura. Jumamosi asubuhi mmoja akamjibu: "Mzee, soma mstari wa mwisho kabisa. Mashine inasema imekatazwa na mwenye mashine. Fungua faili la makatazo yako."

Akalifungua. Mlikuwa na mstari mmoja, maneno yake mwenyewe: "Kifurushi cha sauti kisipandishwe toleo. Kipya kina hitilafu. Kisubiri mpaka watengeneze." Na tarehe chini yake, ya miaka tisa iliyopita.

Hitilafu ile, wapendwa, ilitengenezwa baada ya wiki tatu. Watu wote wakaendelea na toleo la tatu, na la nne. Yeye alifunga kufuli, akasahau kwamba aliyefunga ni yeye.

Akaufuta mstari ule, na mashine ikakubali papo hapo. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, na vitu vilivyokwama miaka tisa havijengwi kwa dakika moja. Vipande mia na kumi na viwili! Saa nane mchana vilikuwa vimekwisha sitini. Jirani yake, mama mmoja muuza maandazi ambaye fundi alikuwa amemweleza asubuhi habari za kaka, akagonga mlango.

"Baba, saa tisa hiyo inafika. Shika simu yangu hii, ina bando, mpigie kaka yako."

"Asante mama, niache tu. Yangu inakaribia."

"Inakaribia saa ngapi?"

"Inakaribia, mama."

Mnacheka? Chekeni, lakini mama aliondoka na simu yake mkononi, na saa tisa ikapita, na saa kumi ikapita. Saa kumi na moja na dakika arobaini mashine ikamaliza. Fundi akavaa shati safi, akapiga. Picha ikaja safi, sauti safi kabisa. Aliyepokea ni mke wa kaka, kwenye benchi la korido.

"Shemeji," akasema, "aliishika hii simu mpaka walipomwambia aiache mlangoni."

Fundi akasogea karibu na skrini.

"Amenituma nikuulize jambo moja. Kwenye kumbukumbu ya mwaka ya mzee, alisimama akausoma wasifu upya. Akakutaja wewe wa kwanza, na ile miaka miwili yote. Alilia mbele za watu, shemeji. Tulikuwekea kiti. Anauliza, kadi hukuletewa?"

"Nililetewa," fundi akasema. "Sikuifungua."

Sasa sisi. Sisemi kwamba hatukukosewa. Ile hitilafu ilikuwa ya kweli, na siku ile kufunga kulikuwa na sababu. Nauliza tu: ni lini mara ya mwisho ulikwenda kuangalia kama bado ipo? Tunalalamika kwamba hakuna anayetutembelea, Krismasi tunakula wenyewe, tunawalaumu watu wa mbali, na katazo tumeliandika sisi. Na Mungu akituletea jirani mwenye simu mkononi, tunamwambia, "Niache tu, yangu inakaribia."

Naona mzee pale nyuma anataka kuniuliza kama kaka alitoka salama. Mzee wangu, yule kaka nimemtunga mimi. Nikitaka apone, nasema neno moja na amepona. Lakini wako ana jina, na ana namba ya simu, na mwisho wake sina uwezo wa kuutunga. Ibada ikiisha, kabla hujafika getini, mpigie. Kama huna simu, hii hapa yangu.