Paji la Uso la Mjukuu

Isome hii taratibu, kisha umpelekee yule ndugu yako asiyejua kusubiri.

Enzi zile mtandao ulipokuwa ukiingia majumbani kwa waya wa simu, kule Tukuyu aliishi Mzee Ambakisye, mpima ardhi mstaafu. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba macho yake hayatauona mwaka mpya. Wakati huohuo binti yake, Tusajigwe, alijifungua mtoto wa kike ughaibuni, akaiweka picha yake mtandaoni. Kompyuta mzee alikuwa nayo. Kilichokosekana ni modemu, kile kidude cha kuiunganisha na simu. Alitaka jambo moja tu: amwone mjukuu kabla giza halijamfunika.

Akaenda Mbeya, dukani kwa Mama Sekela, aliyewahi kuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini.

"Nipe yenye mbio kuliko zote."

Mama Sekela hakugusa rafu. "Mvua ikinyesha, simu yako inasikikaje?"

"Inakoroma. Na kwetu mvua haipiti, inaishi."

"Basi chukua hii ya polepole, mzee. Waya unaokoroma haubebi mbio."

Mzee akanuna. Yeye aliyepima nusu ya wilaya kwa miguu, leo auziwe kobe? Akanunua ya mbio, akaondoka bila hata kuaga.

Modemu ilipiga mayowe, ikaunganika, na picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Nywele. Paji la uso. Mara waya ukakoroma, kila kitu kikakatika. Akarudia. Nywele, paji la uso, basi. Wiki ya tatu hata zile nywele alikuwa akiziona kwa shida, na mzee wa watu akaanza kuogopa kweli. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Akameza kiburi chake, akaibeba modemu hadi Mbeya. "Mama, ulisema kweli. Nipe ile ya polepole."

Mama Sekela akatikisa kichwa. "Sikuuzii kitu. Hiyo yako inajua kutembea, ila hakuna aliyeiambia." Akamwandikia kwenye karatasi mstari mmoja wa amri, wa kuizuia isipite robo ya mwendo wake.

Nyumbani mzee aliuchapa mstari ule herufi kwa herufi, pua ikikaribia kugusa kioo. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Nywele. Paji la uso. Waya ukakoroma, naye akabana pumzi. Picha ikaendelea kushuka. Macho. Pua. Mdomo. Na chini kabisa, kidevuni, kishimo kidogo ambacho mara ya mwisho alikiona siku aliyomzika mkewe.

Uso alioulilia miaka kumi ulikuwa unamtazama kutoka ng'ambo ya dunia, umepita kwenye waya uleule mbovu, chini ya mvua ileile. Hakuthubutu hata kuvuta kiti.

"Kumbe umerudi, mke wangu," akanong'ona, maana ndivyo babu wa kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kike.

Macho yake yalizima mwezi wa kumi na moja. Waliokuja kumpa pole aliwajibu hivi: "Nilichotaka kukiona nimekiona, mpaka kidevuni."

Funzo: Usione haya kupunguza mwendo ulingane na njia uliyopewa, mwenye papara huishia kwenye paji la uso, mwenye subira huuona uso mzima.