Mabomba Mawili ya Kamanda Lugendo

Kamanda Lugendo wa mgambo alikuwa na bajaji ya silinda mbili, na hakuna kazi aliyoipenda kama kuwavamia wachuuzi wa barabarani na kuondoka na mabeseni yao.

Asubuhi moja aliiegesha kwa Sikuzani, fundi wa mabomba ya moshi.

"Inapiga kelele hii. Inyamazishe, niwatokee hao wachuuzi mgongoni. Ukishindwa, kibanda chako nakivunja."

"Kuinyamazisha ni kazi ndogo, afande. Lakini wewe ni mtu wa kunyata?"

"Una maana gani?"

"Wanaonyata ni wezi wa kuku. Mkubwa gani umewahi kumwona akipita bila king'ora? Na injini yako si kama za wengine, ina silinda mbili. Niache kila moja niipe bomba lake, uone watu watakavyotetemeka."

Lugendo aliiweka sawa kofia yake. "Basi ingurume!"

Ikanguruma hadi mabati yakatikisika. Wiki ilipokwisha, kamanda alirudi ametuna kwa fahari.

"Fundi, wananiogopa! Nikifika, barabara nyeupe, hata wa kumkamata simwoni. Ongeza mngurumo!"

"Nitaongeza, afande."

Akaongeza. Vumbi la bajaji lilipotua, mama yake Sikuzani alitoka nyuma ya kibanda, beseni la mihogo kichwani.

"Leo nusura aniwahi, mwanangu."

"Usijali, mama. Kuanzia kesho utamsikia tangu darajani. Utawahi hata kuepua iliyoko jikoni."