Stuli ya Mzee Shekiondo

Tazama sakafu kabla ya kukata mguu. Bibi Mkami amewatupia maneno hayo mlipotaka kumfukuza mwenzenu kikundini, nanyi mmekuja kwangu mkiuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Mzee Shekiondo alikuwa karani mstaafu, mgane, mtu wa kukata watu. Jirani akimpinga, salamu zimekwisha. Ndugu akimkosea, asikanyage tena kwake. Hata Nasemba, binti yake wa pekee, alifukuzwa kwa kuolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka. Miaka sita mzee alikula peke yake. Nyumbani kilibaki kiti kimoja, nacho kilimtosha.

Ndipo Nasemba akatuma salamu kwamba angekuja mwisho wa mwezi. Mzee akakitazama kile kiti kimoja, moyo ukamuuma. Angekaa wapi mwanawe? Akaenda kwa fundi Kilua kujifunza useremala, uzee wote ule! Alifundishwa kushika randa, akajikata vidole, akaharibu mbao tatu. Mwishowe akapata stuli ya miguu minne, akaibeba hadi nyumbani huku akitabasamu peke yake njiani.

Alipoiweka katikati ya sebule, ikayumba. Akapunguza mguu mmoja kwa msumeno. Ikayumba upande wa pili. Akapunguza mwingine. Hapakuwa na jirani wa kumwita atazame, maana wote alikuwa amewakata. Hadi siku ya mgeni kufika, stuli ilikuwa imebaki shibiri moja.

Nasemba alimkuta ameketi chini kwenye vumbi la mbao, analia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka upate pa kukaa. Nikikata mguu huu, kosa linahamia kwa ule."

Nasemba akaisogeza stuli, akakivuta kile kiti cha zamani kutoka pembeni, akakiweka palepale. Nacho kikayumba. Akapapasa kwa unyayo. Saruji ilikuwa imetitia.

"Na hiki nacho utakikata, baba?"

Mzee akaitazama sakafu.

"Nasemba," akasema, "nimekata wangapi?"

Binti aliikalia stuli ile fupi, magoti yakamfika kidevuni, akaomba chai.

Baadaye mzee aliziba sakafu, kisha akaenda kubisha hodi kwa majirani, nyumba baada ya nyumba. Wengine walifungua. Wengine hawakufungua hadi alipokufa, na hilo lilimuuma sana.

Sasa niambieni, huyo mwenzenu anayumba, au ni pale mlipomweka? Tazama sakafu kabla ya kukata mguu.